Nomino za kawaida na nomino za pekee za Kiingereza: wanafunzi wanafuata herufi kubwa tu, nifanyeje?

Mwani_Wete

Assalamu alaykum nyote. Nasomesha Kiingereza darasa la tano huku Wete, Pemba, naomba msaada kwa wanaoijua sarufi vizuri. Mada ni ile ya "common noun" na "proper noun", yaani nomino za kawaida na nomino za pekee. Kitabu kimeimaliza kwa mistari minne: nomino ya pekee ni jina la mtu, mahali au kitu maalumu, na huanza kwa herufi kubwa. Wanafunzi wameikariri kama Fatiha. Ukiwapa zoezi, wanatafuta herufi kubwa basi. Sentensi "Fishermen sell octopus in Mkoani" wanapigia mstari "Fishermen" na "Mkoani". Sentensi hiyo hiyo ukiiandika yote kwa herufi ndogo, hawana pa kuanzia. Na kwenye insha herufi kubwa zinamwagwa kama mchele: "my Mother", "the Teacher", "our School", huku "friday" na "english" zikibaki ndogo.

Ninayo matatu ya kuuliza:

1. Kuna kipimo gani kisichotegemea herufi kubwa?
2. "Zanzibari", "Friday", "Toyota" tunaziweka wapi, maana zinakubali "a" na zinaingia wingi?
3. "The" inakaa wapi na wapi haikai? "The Pemba" naiona karibu kila daftari.

Chaki Nyeupe

Wa alaykum salaam, mwalimu. Tatizo ni ile fasili imepanga mambo kinyumenyume. Neno haliwi nomino ya pekee kwa sababu limeandikwa kwa herufi kubwa. Linaandikwa kwa herufi kubwa kwa sababu limeshakuwa jina la kitu kimoja kinachojulikana. Anayepimia herufi atakwama kila siku pahala pawili: mwanzo wa sentensi, ambako neno lolote linapewa herufi kubwa, na kwenye mabango na vichwa vya habari, ambako maandishi yote ni makubwa.

Halafu tuna jambo la kwetu wenyewe. Watoto wengi huku wanaanza chuoni, yaani madrasa, kabla ya skuli, na hati ya Kiarabu haina herufi kubwa na ndogo. Herufi mim ni mim, iwe mwanzo wa jina Muhammad au mwanzo wa neno "maktab". Umbo la herufi hubadilika kwa mahali ilipo katika neno, si kwa maana ya neno. Mtoto akija skuli, "M" na "m" kwake ni maumbo mawili ya herufi moja, basi. Hajawahi kuona herufi inayobeba maana kwa ukubwa wake.

Kwa hivyo anza na Kiswahili, tena kwa masikio, ubao ukiwa mtupu. Bahati nzuri visiwa vyetu vimejaa majina ya mahali yaliyozaliwa na nomino za kawaida. Waambie kwa mdomo, waeleze tafauti:

Tumekutana darajani. Tumekutana Darajani.
Baba yuko mkoani. Baba yuko Mkoani.
Mbele ya nyumba pana mnazi mmoja. Mpira unachezwa Mnazi Mmoja.

Hakuna mtoto wa Pemba asiyejua kwamba Mkoani ni mji wenye bandari, na kwamba "mkoani" ni mkoa wowote ule. Michenzani itabaki Michenzani hata usibaki mchenza mmoja, na Mkunazini haihitaji mkunazi. Hapo umeshawapa fasili bora kuliko ya kitabu: nomino ya kawaida inasema kitu ni cha aina gani, nomino ya pekee inakitaja kitu chenyewe bila kusema ni cha namna gani.

Sasa hamia Kiingereza kwa vipimo viwili.

Cha kwanza ni swali "which one?". Ukisema "town", anayekusikiliza ana haki ya kuuliza "which town?". Ukisema "Wete", hana la kuuliza.

Cha pili, weka "a" mbele, "s" nyuma, au "some" mbele. "A town", "towns": linakubali. "A Wete", "some Wete": linakataa. Usiiache hiyo "some", kwa sababu "rice", "sand" na "water" zinakataa "a" na "s" ilhali ni nomino za kawaida. Mtoto aliyefundishwa "a" na "s" peke yake ataandika "Rice" kwa herufi kubwa, tena kwa kufuata ulivyomfundisha.

Kuna na dokezo la tatu, lisilo kanuni: jina la pekee kwa kawaida halitafsiriwi. "I live near Mnazi Mmoja", si "near one coconut tree". Lakini "Bahari ya Hindi" inatafsiriwa, kwa hivyo litumie dokezo hili kumsaidia aliyekwama tu.

Kwa kipindi cha dakika 40: dakika 10 za masikio kama hapo juu, halafu kadi 20 zilizokatwa kwenye maboksi ya chaki, zote zimeandikwa kwa herufi ndogo. Kumi ni za aina: island, town, day, month, language, ocean, forest, street, boy, country. Kumi ni za majina: misali, konde, friday, january, swahili, indian ocean, ngezi, na kadhalika. Wanafunzi wanaoanisha kadi. Akishaamua, ndipo anapewa kalamu nyekundu aikuze herufi ya kadi ya jina. Kalamu nyekundu isitoke mwanzo. Ukiitoa mapema, umerudi kule kule. Kisha waulize: kadi ya "island" inaweza kubeba majina mangapi? Pemba, Unguja, Tumbatu, Kojani, Misali, Uzi. Na kadi ya "misali" inabeba aina ngapi? Moja. Hapo somo limeingia.

Bi Kikwajuni

Naongeza hapo kwenye "my Mother" na "the Teacher". Huo si uzembe wa watoto, ni adabu yao. Wanadhani herufi kubwa ni heshima, na mama na mwalimu wanastahiki heshima. Kiingereza hakikuzi herufi kwa kumheshimu mtu. Waambie hivyo waziwazi, la sivyo utasahihisha mpaka mwisho wa mwaka.

Kipimo chake ni chepesi: toa neno, weka jina lake halisi. "I asked Mother" inakuwa "I asked Zuwena", inakaa, basi herufi kubwa. "I asked my mother" inakuwa "I asked my Zuwena", haikai, basi ndogo. Kwa vitendo: ukiona "my", "his", "our", "the" mbele ya neno la ujamaa, andika ndogo. Ndiyo maana "Uncle Juma" ni kubwa na "my uncle Juma" ni ndogo, ingawa mjomba ni yule yule.

Vyeo ni vivyo hivyo. "Sultan Barghash" lakini "the sultan built a palace". "President Karume" lakini "the first president of Zanzibar". Nyaraka za serikali hukuza "the President" zikimkusudia aliyeko madarakani. Magazeti mengi ya Uingereza huandika ndogo. Chagueni mtindo mmoja skulini kwenu, msimkate mtoto alama kwa huu au ule.

Na "Teacher Asha" ni Kiswahili kilichovaa suti. Kiingereza hakitumii "teacher" kama cheo mbele ya jina. Andika "Ms Asha", "Mr Hamad". Mwisho, "I" ni kubwa daima lakini ni kiwakilishi, si nomino kabisa. Wako watakaoipigia mstari.

Nahodha wa Sarufi

Mimi nachukua swali la tatu, maana "the Pemba" ina chanzo chake. Watoto wamefundishwa kwamba "the" ni ya kitu kinachojulikana. Pemba inajulikana, basi "the Pemba". Kwa mantiki yao wako sawa! Jibu ni hili: kazi ya "the" ni kuifanya nomino ya kawaida ijulikane. Pemba limeshajulikana lenyewe, na ukiliwekea "the" umelivisha kofia juu ya kofia.

Wapi haikai: kisiwa kimoja, ziwa moja, mlima mmoja, mji, na nchi nyingi. Tumbatu, Lake Victoria, Mount Kilimanjaro, Chake Chake, Kenya.

Wapi inakaa: bahari, mikondo ya bahari, mito, majangwa, mafungu ya visiwa na safu za milima. The Indian Ocean, the Pemba Channel, the Rufiji, the Sahara, the Seychelles, the Usambara Mountains. Nchi iliyo fungu la visiwa huingia humu, ndiyo maana "the Comoros". Zanzibar ni fungu la visiwa pia, lakini jina lenyewe limezoeleka bila "the". Ukisema fungu zima kwa urefu, "the Zanzibar Archipelago".

Nchi nazo zina siri ndogo. Jina likibeba nomino ya kawaida ndani yake, kama "kingdom", "states" au "republic", "the" inarudi: the United Kingdom, the United States. Kwetu tunaiona vizuri: "Tanzania" peke yake, lakini "the United Republic of Tanzania". "The Gambia" inasimama pembeni, imepata "the" kutoka kwenye mto.

Zoezi langu ninalolipenda kuliko yote ni kisiwa kimoja kwa njia tatu. Liandikwe ubaoni hivi hivi:

Pemba is green.
Pemba Island is green.
The island of Pemba is green.

Kwenye ya pili, "Island" ni sehemu ya jina, kwa hivyo herufi kubwa na hakuna "the". Kwenye ya tatu, "island" imerudi kuwa nomino ya kawaida, kwa hivyo herufi ndogo na "the" imerudi nayo. Mtoto akiielewa sentensi ya tatu, hana tena haja ya orodha.

Mwalimu mwenyewe ajue, lakini asiifundishe darasa la tano: "the Pemba my grandfather knew" ni sahihi. Hapo Pemba imekuwa kana kwamba ziko nyingi, ya zamani na ya sasa, na "the" inachagua moja.

Mkarafuu

Chaki Nyeupe, kwa kipimo chako cha "a" na "s" basi "Friday" ni nomino ya kawaida. "On Fridays the market closes early." "It was a Friday." Imekubali vyote viwili. Na vitabu vyote vinasema ni ya pekee. Kipimo kimevunjika au vitabu?

Chaki Nyeupe

Umenishika pazuri, na hili ndilo swali la pili la mwalimu. Si kipimo wala vitabu. Kuna makundi matatu yanayopita humo, na yakichanganywa ndipo walimu wanapobishana chumba cha walimu.

Kundi la kwanza ni jina halisi lililoazimwa kwa muda. "There are three Fatmas in my class." Fatma ni jina la pekee, lakini hapa linamaanisha "mwanafunzi anayeitwa Fatma", na hao ni aina, wanahesabika. Kadhalika "the Salims are coming", kwetu "akina Salim wanakuja". Herufi inabaki kubwa. Kinachoharibika hapa ni alama ya ritifaa: wingi ni "Fatmas", hauna ritifaa; "Fatma's" ni milki. Jina linaloishia na "s" huongezwa "es": the Abbases.

Kundi la pili ni chapa za biashara. "He bought a Toyota" maana yake gari lililotengenezwa na Toyota. Herufi kubwa inabaki. Hapa Kiswahili kinatuponza, maana sisi chapa tumezifanya aina zamani: dawa yoyote ya meno ni kolgeti, vidonge vyovyote vya kichwa ni panadoli. Kiingereza cha mtihani kinataka "toothpaste" kwa aina na "Colgate" kwa chapa, "paracetamol" kwa dawa na "Panadol" kwa chapa.

Kundi la tatu ndilo lenye ugomvi: siku, miezi, na majina ya watu wa nchi au mahali. "A Zanzibari", "two Italians", "Fridays". Kwa tabia zao ndani ya sentensi ni nomino za kawaida kabisa, zinahesabika kama mayai. Herufi kubwa wamerithi: "Zanzibari" kutoka "Zanzibar". Siku na miezi wamepewa kwa mazoea ya maandishi ya Kiingereza tu. Tazama majirani zao: Kifaransa kinaandika "lundi" na "janvier" kwa herufi ndogo, hata jina la lugha yenyewe, "français". Kijerumani kwa upande wake kinakuza kila nomino, mkate na nyumba zikiwemo: "Brot", "Haus". Yaani herufi kubwa ni kanuni ya tahajia ya lugha moja moja, haitoki kwenye asili ya neno.

Kwa darasani nakushauri hivi. Siku na miezi zitie kwenye nomino za pekee, kwa kuwa vitabu vya skuli vinakubaliana na mtoto asipoteze alama bure. Majira yabaki nje: "summer", "the long rains", "the monsoon", zote ndogo. Majina ya watu wa mahali, kama Zanzibari na Italians, usiyaweke kabisa kwenye swali la visanduku viwili, kwa sababu vitabu vyenyewe havikubaliani. Uliza jambo moja tu juu yao: yanaandikwaje? Kwa herufi kubwa. Na ukiona "Zanzibari doors" au "Swahili food", hiyo si nomino tena, ni kivumishi kilichorithi herufi kubwa.

Mkarafuu

Nimekubali. Basi na mimi nitoe changu, maana jina la pekee linaweza kuteremka mpaka likawa la kawaida kabisa, na herufi kubwa ikaanguka njiani. Kwetu mfano tunao ndani ya sanduku la bibi: merikani. Ni kitambaa cheupe cha pamba kilicholetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19, kikaitwa kwa jina la walikotoka. Nchi ni Marekani kwa herufi kubwa, kitambaa ni merikani kwa ndogo.

Kiingereza kimefanya hivyo hivyo na "calico", kutoka mji wa Calicut wa India; na "tangerine", chenza letu, kutoka Tangier ya Moroko; na "china", vyombo vya kauri, kutoka nchi ya China. Hicho cha mwisho ni kizuri ubaoni: "I bought china in China."

Vipimo vya sayansi pia. "Watt" ni kutoka James Watt na "volt" kutoka Alessandro Volta. Likiandikwa kwa kirefu, jina la kipimo ni herufi ndogo: "a 60-watt bulb". Likiandikwa kwa alama, ni kubwa: 60 W, 220 V. "Degree Celsius" ndiyo imebakisha herufi kubwa ya mwenyewe. Mwalimu wa sayansi na mwalimu wa Kiingereza wakae pamoja kwenye hili, la sivyo mtoto mmoja atakatwa alama mara mbili kwa neno moja.

Mwani_Wete

Jazakumullahu khair. Ile ya Pemba mara tatu naipeleka ubaoni kesho. Imebaki moja inayonisumbua, majina ya maneno mengi. "House of Wonders" watoto wanaikata vipande: "House" ya kawaida, "Wonders" ya kawaida, halafu wanauliza ya pekee iko wapi. Na wanyama je? Mwongozo mmoja wa watalii umeandika "Red Colobus" kwa herufi kubwa zote mbili, mwengine ndogo zote mbili.

Nahodha wa Sarufi

Watoto wako sawa nusu. "House" na "wonder" zikiwa peke yake ni nomino za kawaida. Zikifungwa pamoja kuwa jina la lile jengo la Forodhani alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, fungu lote linakuwa jina moja. Kwenye karatasi wapige mstari mmoja mrefu chini ya fungu zima, usikatike. Ndani ya fungu, "of", "the" na "and" zinabaki ndogo: House of Wonders, House of Representatives.

Kutambua kama fungu limeshakuwa jina, liweke na "a" uone kama limebadilisha maana. "An old fort" ni ngome yoyote kongwe, "the Old Fort" ni Ngome Kongwe ile iliyopakana na House of Wonders. "A stone town" ni mji wowote wa mawe, "Stone Town" ni Mji Mkongwe, uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. "A revolution" ni mapinduzi yoyote. "The revolution of 1964" bado ndogo, kwa sababu ni maelezo. "The Zanzibar Revolution" kubwa, kwa sababu ni jina.

Wanyama: aina ya mnyama ni nomino ya kawaida hata awe adimu kiasi gani. Kima punju hapatikani pahala pengine duniani ila Zanzibar, na bado ni "red colobus" kwa herufi ndogo, kwa sababu wapo wengi na kila mmoja ni "a red colobus". Jina la mahali au la mtu likiingia ndani, hilo peke yake ndilo linalokua: "Zanzibar red colobus", au "Kirk's red colobus", kutokana na John Kirk aliyekuwa balozi wa Uingereza hapa katika karne ya 19. Popo wa Pemba naye ni "Pemba flying fox": P kubwa, f zote mbili ndogo. Waandishi wa miongozo wanakuza kila kitu ili kipendeze kwenye kipeperushi. Jina la kisayansi lina sheria yake: Piliocolobus kirkii, la kwanza kubwa, la pili ndogo, ingawa Kirk ni mtu.

Kwa kanuni hiyo hiyo, "cloves", "cinnamon", "pilau" na "biryani" ni ndogo. "Zanzibar pizza" ina Z kubwa na p ndogo.

Masomo ya skuli: lugha ni kubwa daima, yaani English, Arabic, Swahili. Mengine ni ndogo: mathematics, history, geography. Darasa likiwa na namba yake ni kubwa, Standard Five, na bila namba ni ndogo, "my class". Pande za dunia ni ndogo zikiwa mwelekeo, "Paje is on the southeast coast", na ni kubwa zikiwa ndani ya jina la mkoa, "South Unguja". Dini: Islam, Ramadan, Eid na the Quran ni kubwa, mosque, imam, prayer ni ndogo. Kwa hivyo "Friday prayer" ina F kubwa na p ndogo.

Chaki Nyeupe

Chukua na zoezi, limeshapangwa. Liandike ubaoni lote kwa herufi ndogo:

last friday my uncle took us from mkoani to unguja by ferry. we stayed in stone town, near the house of wonders. on saturday uncle juma bought zanzibar pizza at forodhani gardens. my sister spoke swahili to two italians, and the italians answered her in english.

Majina ya pekee ni 11: Friday, Mkoani, Unguja, Stone Town, House of Wonders, Saturday, Uncle Juma, Zanzibar, Forodhani Gardens, Swahili, English. Mitego ni minne. "Uncle" imekuja mara mbili, ya kwanza ndogo kwa ajili ya "my", ya pili kubwa kwa kuwa imeshikana na jina. "Ferry" ndogo, maana chombo hakikutajwa kwa jina lake. Kingetajwa, kingekuwa kikubwa. "Pizza" ndogo. "Italians" kubwa mara zote mbili, lakini usiihesabu kwenye yale 11.

Kusahihisha: alama moja kwa herufi, alama moja kwa sababu, na sababu iwe kwa Kiswahili ili Kiingereza kisimzuie mtoto anayejua. Usimwombe sababu ya yote 11, chagua tano. Anayepata herufi zote na sababu hana, alikuwa akibahatisha au amenakili kwa jirani.

Bi Kikwajuni

Nyongeza moja kabla hajaipeleka darasani. Wanafunzi watahesabu herufi kubwa, na zikiandikwa vizuri watapata 21, si 11. Nne ni za mwanzo wa sentensi: Last, We, On, My. Zilizobaki ni 17, kwa sababu majina manne, kama "Stone Town", yana herufi kubwa mbili kila moja, na "Italians" imo mara mbili. Mwalimu ajiandae kwa hesabu hiyo, maana atakayeiuliza ni yule anayekaa nyuma.